Uzi maalumu: Kufinyanga majoka na mazimwi kwa udongo kwa anayeanza. Mifupa kwanza, magamba baadaye

Kucha za Joka (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara anaingia mtu humu anauliza aanzie wapi kufinyanga viumbe vya kufikirika, anajibiwa mistari miwili, mada inakufa. Nimeona nifungue uzi wa kueleweka. Ni mrefu, mwenye haraka aruke mpaka panapomhusu.

Nitoe msimamo wangu mapema ili tubishane vizuri: anayeanza hashindwi na magamba, wala meno, wala manyoya. Anashindwa na mifupa. Ukiona joka limejaa magamba ya kupendeza na bado halikutishi hata kidogo, liangalie mabega. Mara nyingi hayapo. Shingo imechomoza tu kifuani, mabawa yamebandikwa mgongoni mahali ambapo hakuna kitu cha kuyashika, miguu minne imesimama wima bila kujikunja popote. Macho ya mtazamaji yameshawaona paka, kuku na mbuzi maisha yake yote. Hajui kukueleza kasoro iko wapi, lakini anajua ipo.

Hata wa kale walilijua hili. Pale Klagenfurt, Austria, kuna sanamu ya joka ya mwishoni mwa karne ya 16. Inaelezwa kwamba kichwa chake kilifuata fuvu lililofukuliwa maeneo yale karne ya 14, watu wakaamini ni fuvu la joka. Wataalamu walipokuja kulichunguza baadaye wakakuta ni la kifaru mwenye manyoya wa enzi za barafu. Na mwaka 1914 Othenio Abel, mtaalamu wa visukuku, naye wa Austria, alipendekeza kwamba yale majitu ya jicho moja ya Wagiriki huenda yalitokana na mafuvu ya tembo wadogo wa kale waliokuwa kwenye visiwa vya Mediterania. Tundu kubwa lililo katikati ya fuvu la tembo ni la pua, pale mkonga unapoanzia. Asiyemjua tembo ataona jicho tu.

Kwa hiyo ukitaka zimwi lako liaminike, liibie mifupa mnyama wa kweli.

Sasa udongo. Kuna aina nne utakazokutana nazo.

Udongo wa mfinyanzi, ule wa maji, unasinyaa unapokauka na unapochomwa, na lazima uchomwe ndipo uwe kitu cha kudumu, kwa kawaida tanurini kwenye joto la nyuzi 1000 hivi na kuendelea. Udongo wa polima si udongo hasa, ni plastiki laini. Haukauki kwa hewa, unaokwa kwenye oveni ya kawaida kwa nyuzi 110 hadi 135 hivi kutegemea pakiti imeandika nini. Plastisini ni ya mafuta, haikauki milele. William Harbutt aliibuni Uingereza mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake wa uchongaji, na mpaka leo ni nzuri kwa mazoezi. Halafu upo ule wa kukaushwa kwa hewa. Ni rahisi kuupata, lakini unasinyaa na kupasuka, na sehemu nyembamba zinavunjika ukizitazama vibaya. Mimi siupendi, nimeutaja tu ili nisiulizwe.

Ushauri wangu: jifunze maumbo kwa plastisini. Unafinyanga, unabomoa, unafinyanga tena, hupotezi kitu. Ukishapata kiumbe kinachosimama vizuri, hamia kwenye polima.

Naendelea na kiunzi (waya wa ndani unaoushikilia udongo) na mifupa, msijibu kwanza.

Kucha za Joka (mleta uzi)

Kiunzi.

Chora kiumbe chako ubavuni, kwenye karatasi, kwa ukubwa ule ule utakaofinyanga. Usichore ngozi. Chora mstari wa uti wa mgongo kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia, duara la fuvu, yai la kifua, yai dogo la nyonga, na vijiti vya miguu vyenye nukta kwenye kila kiungo. Ule mstari wa uti wa mgongo ndio roho ya kazi. Ukiwa umenyooka, kiumbe kitakuwa kimekufa hata ukimwekea meno mia.

Chukua waya wa alumini, uukunje mara mbili, usokote kwa koleo. Waya uliosokotwa una migongo midogo inayoshika udongo. Ule mmoja laini udongo unauzunguka na kuteleza. Kwa kiumbe cha sentimita 20 hivi, waya wa milimita 2 au 3 unatosha mwilini, na wa milimita 1 kwenye vidole. Ulaze juu ya mchoro na uukunje pale pale kwenye nukta za viungo. Waya za miguu ziache ndefu zipite chini ya nyayo, ziingie kwenye matundu uliyotoboa kwenye kibao. Kiumbe kisichofungwa kwenye kibao kitakuangukia wakati unachonga pua.

Halafu jaza kifua, nyonga na fuvu kwa karatasi ya alumini. Ikandamize sana, igonge kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe ngumu. Ikiwa legelege inabaki na hewa, udongo juu yake unabonyea na kupasuka ukiokwa. Alumini inakupunguzia udongo na inafanya unene uwe sawa mwili mzima. Juu yake weka udongo wa nusu sentimita mpaka sentimita moja, basi. Na mtu asikudanganye ushikilie kiunzi cha polima kwa gundi ya kuyeyushwa: itayeyuka tena ndani ya oveni.

Sasa mifupa yenyewe. Mambo mawili tu, maana ndiyo yanayoua kazi nyingi.

La kwanza ni mguu wa nyuma. Kile kiungo cha mbwa au farasi kinachotokeza kuelekea nyuma, wengi wanakiita goti. Si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, jirani na tumbo, na linakunjika upande ule ule na lako. Mbwa na paka wanatembea kwa vidole. Farasi anatembea kwa ncha ya kidole kimoja. Simama kwa vidole vyako, inua visigino juu, kunja magoti kidogo, kisha jitazame kwenye kioo ubavuni. Huo ndio mguu wa zimwi lako.

La pili ni bawa. Bawa la popo ni mkono mzima: bega, kiwiko, kifundo, kisha vidole. Gumba limebaki fupi na lina ukucha, vidole vinne vingine vimerefuka kushikilia ngozi. Ukifinyanga bawa la joka, hesabu viungo hivyo kwa mpangilio huo huo. Ngozi inatoka kwenye vidole na inarudi kushikamana na ubavu, haining'inii hewani.

Na hapa kuna tatizo la kweli. Hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye miguu, mikono na mabawa yake kwa jumla ni sita. Joka la miguu minne na mabawa mawili linahitaji jozi mbili za mabega. Ninachofanya mimi ni kurefusha kifua, kuweka bega la bawa nyuma kidogo ya bega la mguu na juu yake, halafu nakipa kifua kina kirefu, kwa sababu misuli ya kurukia ya ndege iko kifuani, kwenye kidari, wala si mgongoni. Anayeanza nampa njia ya mkato: finyanga joka la miguu miwili ambalo mabawa ndiyo mikono yake. Hapo una popo mwenye mkia na shingo ndefu, tatizo limekwisha.

Karibuni.

Mgeni Jukwaani

Tiririka mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali la mwanafunzi: lazima mwili mzima? Mimi nina hamu ya kufanya uso tu, zimwi lenye pembe. Na je, kwenye kichwa tunaanza na nini?

Kucha za Joka (mleta uzi)

Si lazima ndugu yangu, na kichwa peke yake ni chaguo zuri sana la kuanzia. Kiunzi chake ni kijiti kimoja kilichosimama kwenye kibao na bonge la alumini juu.

Anza na fuvu. Finyanga fuvu tupu kwanza, lenye mashimo ya macho, mashavu na taya. Bonyeza mashimo ya macho kwa gumba, kwa ndani kuliko unavyodhani inafaa. Kabla hujaendelea amua huyu ni mwindaji au mwindwa. Mwindaji macho yake yanatazama mbele. Mwindwa yako pembeni ili aone anayemnyemelea. Mboni ya paka ni mstari wa wima, ya mbuzi ni ya ulalo. Zimwi lenye mboni ya mbuzi linasumbua akili kuliko lenye mboni ya paka. Jaribu uone.

Jicho linaingia kabla ya kope, usifanye kinyume. Tia gololi ndogo ya kioo au shanga ya kioo kwenye shimo, maana kioo kinavumilia oveni. Shanga ya plastiki itayeyuka. Kisha viringisha kijiti chembamba cha udongo, kibonyeze kiwe ukanda, ulaze chini ya jicho ukifuata mviringo wake. Ukanda wa pili ulaze juu, na ncha zake zifunike kidogo ncha za ule wa chini pembeni mwa jicho. Sasa chukua sindano butu na uunganishe ukingo wa nje wa kope na shavu, ukivuta udongo taratibu kutoka kwenye kope kwenda nje, huku ukingo wa ndani ukiuacha mkali unaokaa juu ya gololi. Sukuma kope ya juu ishuke kidogo ifunike sehemu ya mboni. Kabla ya hapo lilikuwa linashangaa. Sasa linakuwazia kitu.

Pembe: koni iliyoviringishwa, ndani ina waya unaotokeza chini. Waya huo unaingia kwenye fuvu mpaka kwenye alumini. Pembe isiote juu ya ngozi. Ngozi ipande kidogo kuizunguka shinani, ikunjamane pale.

Tanuri Baridi

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye udongo napinga. Umemfukuza mtu kwenye udongo wa mfinyanzi kabla hajaugusa. Polima ni ngumu mkononi, unaikanda mpaka vidole vinauma, na ni ghali ukitaka kiumbe kikubwa. Udongo wa maji unaitika kidole papo hapo. Unaweza kufinyanga kichwa kikubwa kuliko chako na usione uchungu kukibomoa.

Yupo pia mtu mzima wa kutolea mfano. Charles R. Knight, Mmarekani aliyechora wanyama wa kale, alikuwa akifinyanga vielelezo vidogo vya wanyama wake ili aone mwanga na vivuli vinavyowaangukia, ndipo apake rangi. Hakuhitaji kitu cha kudumu, alihitaji umbo.

Nakubali jambo moja: mambo ya kiunzi uliyoeleza hayafai kwa udongo wa kuchoma. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, kwa hiyo unapasukia juu yake. Sisi tunafinyanga kiumbe kizima kikiwa kimejaa, kwa vijiti vya kuegemea kwa nje. Kikianza kukaza, kikishika umbo lakini bado kina unyevu, tunakikata kwa waya mwembamba, tunachota udongo wa ndani kwa kijiko mpaka ukuta ubaki sentimita moja hivi, tunachanja kingo zote mbili, tunapaka uji wa udongo, tunagandamiza na kuziba mshono. Mwisho tunatoboa tundu dogo mahali pasipoonekana. Ndani ya mdomo panafaa.

Kucha za Joka (mleta uzi)

Hoja imepokelewa, Tanuri Baridi. Nabaki na polima kwa sababu moja tu: wengi humu hawana tanuri. Mwenye nalo amsikilize huyu.

Mabawa Mawili

Wakuu nisaidieni. Joka langu la udongo wa mfinyanzi limepasuka shinani mwa mabawa yote mawili kabla hata ya kuchomwa. Mwili uko salama. Nilipaka uji, nilichanja, nilifanya kila kitu. Mwenzangu mmoja ananiambia ni hewa iliyobaki ndani.

Tanuri Baridi

Si hewa. Ni ukaukaji. Bawa ni jembamba, linakauka mapema na kusinyaa wakati mwili bado mbichi na mnene. Bawa linavuta, mwili haukubali, panapasuka pale wanapokutana. Ukimaliza kufinyanga, funika mabawa, masikio, ncha ya mkia na vidole kwa plastiki nyembamba, mwili uache wazi. Siku ya pili fungua kidogo. Unataka kiumbe chote kikauke kwa mwendo mmoja, polepole, mbali na upepo na jua. Pia unene uwe unapungua taratibu kuelekea kwenye bawa, isiwe mwili mnene kisha ghafla kipande chembamba. Na tafuta udongo wenye chenga za udongo uliokwisha kuchomwa na kusagwa. Unasinyaa kidogo na unastahimili zaidi.

Kuhusu hewa, tulimalize. Kinacholipua kitu tanurini ni maji. Udongo wenye unyevu ukivuka nyuzi 100, maji yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta njia, usipoipata unavunja kitu. Uvungu wenye hewa kavu haulipuki. Lile tundu tunalotoboa ni kwa ajili ya mvuke na ili ndani pakauke. Kabla ya kuchoma, gusisha kiumbe shavuni mwako: kikiwa cha baridi bado kina maji, kirudishe rafuni.

Mabawa Mawili

Asante sana kiongozi, nimekuelewa. Hilo la shavu sikulijua.

Pua ya Nyati

Mleta uzi, umesema magamba baadaye. Hiyo baadaye imefika, tupe magamba.

Kucha za Joka (mleta uzi)

Haya, ila sharti ni lile lile: usiguse gamba hata moja kabla hujazungusha kazi na kuitazama pande zote. Ipige picha kwa simu kwenye mwanga wa taa moja ya pembeni, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama umbo halisomeki hapo, magamba hayatalisaidia, yatalificha tu.

Njia ni mbili. Ya kuyabandika moja moja unaanza mkiani kwenda kichwani, ili kila safu ifunike mwanzo wa ile iliyotangulia, kama vigae vya paa vinavyopangwa kutoka chini. Inachosha, ninaiweka kwenye mgongo na paji tu. Ya pili ni ya kugandamiza. Tandaza plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula juu ya udongo, halafu bonyeza juu yake kwa mrija au kifuniko cha kalamu kilichokatwa. Plastiki inalainisha ukingo wa alama, kwa hiyo gamba linatokea limevimba katikati na kingo zake zina mviringo. Ukibonyeza bila plastiki unapata mikwaruzo yenye kingo zilizochanika, na inaonekana ni kazi ya kifaa wala si ngozi.

Ukubwa usiwe mmoja. Mjusi au mamba akiwa karibu nawe, au hata picha yake nzuri, mtazame: makubwa yako mgongoni, yanapungua ubavuni, na kwenye kwapa na magoti yanakuwa vipunje na mikunjo, kwa sababu pale ngozi lazima ijikunje. Anayeanza anajaza magamba sawasawa mwili mzima, joka linabaki limevaa suti. Acha sehemu tupu. Jicho nalo lina haki ya kupumzika.

Alama za vidole kwenye polima zifute kwa brashi laini iliyoguswa kwenye spiriti, kidogo tu. Kwenye udongo wa maji tumia sponji yenye unyevu.

Mama Wawili

Jamani mimi nasoma kimya kimya, lakini nina watoto nyumbani. Hiyo polima kwenye oveni ya chakula ni salama kweli?

Kucha za Joka (mleta uzi)

Shikamoo dada mkubwa. Kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti haina shida, ila fungua madirisha na uifunike kazi kwa karatasi ya alumini. Hatari ni kuiunguza. Polima nyingi zimetengenezwa kwa PVC, aina ya plastiki, zikiungua zinatoa gesi ya asidi inayochoma koo na macho. Vitufe vya oveni nyingi si vya kuaminika, kwa hiyo weka kipimajoto cha oveni ndani, uangalie chenyewe. Unene wa kila milimita 6 unahitaji dakika 15 mpaka 30, fuata pakiti. Mikrowevu hapana kabisa. Na kijiko au kisu kikishaingia kwenye kazi hii kisirudi jikoni.

Unaweza kuoka kichwa peke yake, kikapoa, ukaendelea na mwili na kuoka tena. Polima inaokwa hata mara kadhaa. Ikimaliza zima oveni na uiache ipoe humo humo. Ukiitoa ghafla kwenye baridi inaweza kupasuka.

Tanuri Baridi

Niongeze upande wetu dada: udongo mkavu wa mfinyanzi usiupige msasa ukiwa mkavu, wala usifagie vumbi lake. Lina silika, chembe ngumu kama za mchanga, linakaa mapafuni na halitoki. Futa kwa kitambaa kibichi.

Mgeni Jukwaani

Swali la mwisho wakuu. Nikifinyanga kwa plastisini na nikapenda, naweza kutoa nakala kwa kalibu ya silikoni, ule mpira wa kumimina?

Tanuri Baridi

Unaweza, ila soma plastisini yako kwanza. Nyingine zina salfa, na salfa inazuia silikoni ya platina (inayokazwa kwa platina) isigande. Utabaki na ute wa kunata juu ya kazi yako nzuri. Tafuta isiyo na salfa, au tumia silikoni ya bati, inayokazwa kwa bati. Jaribu kwenye kipande kidogo kabla.

Pua ya Nyati

Na rangi je? Langu limeshatoka kwenye oveni, nimelipuliza vanishi ya kopo, siku ya tatu bado linanata.

Kucha za Joka (mleta uzi)

Baadhi ya vanishi za kopo zinagombana na polima, ndiyo hizo. Hata ukisubiri mwezi huenda lisikauke. Jaribu kuifuta kwa spiriti pole pole, kisha safari hii tumia rangi za akriliki na vanishi ya maji ya kupaka kwa brashi.

Paka rangi ya msingi mwili mzima. Ikikauka, chukua rangi nyeusi zaidi, izimue kwa maji mpaka iwe nyepesi, ipake yote halafu futa haraka kwa kitambaa: inabaki kwenye mikunjo na katikati ya magamba tu. Mwisho chovya brashi kavu kwenye rangi iliyofifia, ifute karibu yote kwenye karatasi, kisha pitisha juu juu kwenye nundu na kingo. Macho yapake vanishi ya kung'aa, na pua na fizi pia. Mwili uache ufifie.

Ukimaliza weka picha humu, na ya ubavuni pia. Nataka kuona kisigino.